Laini iliyobaki Sinza

Alfajiri ya Jumanne, kabla ya saa kumi na moja, nilikuwa nimechuchumaa getini pamoja na mzee anayetulindia nyumba. Yeye ameshika kitochi chake kilichofunguliwa mgongo, betri ameiweka mapajani. Mimi nimeshika laini ya simu, ile ndogo kabisa, na kila nikiiweka kwenye nafasi yake inateleza, maana kitochi kile ni cha zama za laini kubwa.

Laini ilikuwa ya shangazi. Shangazi mwenyewe alikuwa Guangzhou, ambako ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi, amesimama kwenye soko la vitambaa la Zhongda mbele ya muuzaji aliyekwisha kumtengea majora kumi na mawili ya mapazia. Benki yake ya hapa Dar ilikuwa imeshamtumia namba sita za kuthibitisha kadi.

Ilizituma kwenye laini niliyoishika mimi.

"Baba, zimeingia?" Sauti yake ilitoka kwenye simu yangu iliyolala chini kwenye sementi.

"Bado shangazi. Nipe dakika moja."

"Dakika sina, baba. Huyu ana wateja wengine."

Simu yangu ina nafasi ya laini moja tu, na bando nililokuwa naongea nalo naye lilikuwa humo humo. Ningeitoa laini yangu, ningempoteza. Ndiyo maana nikamwamsha mzee wa watu. Akaingia kibandani, akarudi na kipande cha vocha ya zamani, akakikunja mara mbili, akakibana chini ya laini. Ikakaa. Kitochi kikawaka.

Namba za benki hazikuwa za kwanza kuingia. Zilitangulia jumbe nyingine, moja nyuma ya nyingine, kitochi kikitetemeka kiganjani mwangu. Namba zilipofika nikazisoma kwa sauti, shangazi akaandika, zikakataliwa. Muda wake ulikuwa umepita.

Akaomba nyingine. Za mara ya pili zikakubali.

Sasa ni karibu miezi miwili. Mzigo umeshafika Kariakoo na mapazia mengine yameshauzwa. Mimi bado nairudia alfajiri ile kichwani, na zinazonirudisha ni zile jumbe zilizotangulia.

Hereni

Siku ya safari tulifika Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere mapema mno, kama wanavyofika wote wanaosindikizwa na ukoo. Shangazi amekuwa akiuza mapazia Kariakoo tangu mimi niko shule ya msingi, lakini mzigo alikuwa akiagiza kupitia watu. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda mwenyewe. Kazi ya kuitayarisha simu nilipewa mimi, na niliipokea kwa fahari.

Nilikuwa nimemnunulia eSIM, ile laini isiyo na kadi, yenye bando la siku kumi na tano. Simu yake inaipokea. (Ukitaka kujua kama yako inapokea, angalia kwenye mipangilio ya laini kabla hujamlipa mtu. Simu nyingi za bei ya chini tunazonunua mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hazina kitu hicho.) Kilichokuwa kikinitia hofu ni romingi, yaani laini ya nyumbani kutumia mtandao wa nchi ya watu. Mwaka niliokwenda Johannesburg niliacha data ikiwa wazi, simu ikajisasisha usiku nikiwa nimelala, nikaamka salio limekwisha lote. Sikutaka limpate shangazi yangu.

Kwa hiyo nikamwambia tuitoe laini ya nyumbani kabisa.

Hatukuwa na kile kisindano cha kufungulia. Shangazi akavua hereni moja, akanipa bila neno. Nikachokoa, kisahani kikatoka, nikaichukua laini yake nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikaitia mfukoni. Jioni nikaiweka kwenye droo, Sinza.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu najua wengi wetu tunafanya hivyo hivyo. Kinachomaliza salio ukiwa nje ni data ya laini ya nyumbani, na data hiyo inazimwa kwa kugusa mahali pamoja tu kwenye mipangilio. Laini yenyewe unaiacha ndani ya simu. Intaneti unaielekeza ipite kwenye eSIM, na ya nyumbani inabaki kupokea ujumbe mfupi, jambo ambalo kwa kawaida halitozwi. Unachotakiwa kuhakikisha kabla ya kuondoka ni kwamba mtandao wako umekufungulia romingi, ili ukifika huko laini ishike mnara.

Mimi nilidhani nimetoa kipande cha plastiki. Lakini tangu tulipopanga foleni za alama za vidole, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, laini ya Mtanzania imefungamanishwa na dole gumba lake. Benki inamtambua kwayo. Pesa ya simu iko humo. Watu wake wote wanamfikia kwa namba ile. Nikaifungia kwenye droo pamoja na betri zilizokufa na funguo zisizojulikana za wapi.

Niliyomwekea

Jioni nzima nilikaa na simu ile. Niliweka vitu vizuri, na vingi vilimfaa, kwa hiyo nivitaje kama vilivyo.

WhatsApp kwanza, kwa sababu ndiyo iliyotusumbua tukiwa hatujui. Kwenye mitandao ya ndani ya Uchina haifunguki, na huduma za Google vilevile. Lakini data ya eSIM ya msafiri hupelekwa nje ya nchi kwanza ndipo iingie kwenye intaneti, kwa hiyo barabarani shangazi alikuwa akinipigia vizuri kabisa. Akirudi hotelini, simu inajiunga na waifai, kimya. Usiku wa kwanza na wa pili niliamini amelala mapema kwa uchovu. Kumbe alikuwa amekaa kitandani anaangalia alama moja ya tiki, ananisubiri. Usiku wa tatu akajiuliza mbona nje inakubali na ndani inakataa, akazima waifai, akanipigia. Alilitatua mwenyewe. Mimi niliyejiita fundi nilikuwa nimelala Sinza.

Kila nchi ina kizuizi cha namna yake. Waliokwenda Dubai wanajua kwamba WhatsApp inapeleka maandishi na sauti zilizorekodiwa, lakini kupiga simu haikubali. Uturuki, tangu 2017, huwezi kutumia Booking.com kupata hoteli ya humo humo nchini ukiwa umeshatua, kwa hiyo panga chumba kabla hujapanda ndege. Mambo haya ukiyajua Dar yanakugharimu dakika kumi. Ukiyajua ukiwa huko yanakugharimu siku.

Malipo. Alipay, programu ya Wachina ya kulipia kwa simu, tangu 2023 inapokea kadi za Visa na Mastercard za wageni. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada kwa kadi hizo. Yakizidi, asilimia 3. Kadi ya mgeni inalipa kwenye msimbo wa biashara, ila haiwezi kumtumia mtu pesa mkononi kama tunavyotumiana hapa. Ndani yake mna Didi ya kuitia teksi. Nilimfungulia akaunti, nikaweka pasipoti yake, nikafika kwenye kadi. Saa ilikuwa imekwenda.

"Kadi utaiunganisha ukifika, shangazi."

Sentensi hiyo nimeijutia kuliko ile laini.

WeChat, programu ambayo Wachina hutumiana nayo ujumbe, ilimtaka mdhamini. Mara nyingi mtumiaji mpya hawezi kuingia mpaka mtu aliyemo tayari askani msimbo wake na kusema namjua. Shangazi alimpata kijana wa Kitanzania Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi wa Guangzhou hufikia, anayesaidia wafanyabiashara kusafirisha mizigo. Hawakuwa wanajuana. Akamuuliza ni wa wapi, akajibu, wakakuta kijana ana bibi kijiji cha jirani na chetu. Akaskani.

Shangazi alinisimulia hilo kwa furaha kuliko jambo lingine lolote la safari ile.

Na ramani. Nilimwekea Organic Maps, nikapakua jimbo zima la Guangdong, ambamo Guangzhou imo, tukiwa nyumbani. Watu wengi wanaamini ramani ya simu inataka bando. Simu haipeleki kitu kwenye setilaiti za GPS, inasikiliza tu. Setilaiti ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, zinatangaza saa na mahali zilipo, na simu inapiga hesabu yenyewe. Picha ya mitaa ikishakuwa ndani ya simu, unaweza kuzima kila kitu na bado ukajua umesimama wapi. Uchina hili lina uzito wa ziada: ramani zao rasmi hutumia mfumo wao wa vipimo, kwa hiyo ramani ya kigeni iliyojengwa juu ya hizo inaweza kukuonyesha uko mtaa wa pili.

Organic Maps haizitegemei hizo. Inatumia data ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Sisi watu wa Dar tuna sehemu yetu humo. Mwaka 2011 vijana walipita Tandale na vifaa vya GPS wakachora vichochoro ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawatoa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani kwenda kuchora kata zinazofurika mvua za masika. Huwa nikifungua ramani ile ugenini nakumbuka kwamba mtu alitembea kwa miguu mahali hapo ili mimi nisipotee.

Bei ya jumla

Programu ya tafsiri nilimwekea yenye pakiti ya Kiswahili na ya Kichina, zote zimepakuliwa, zinafanya kazi bila mtandao. Kwa kusoma mabango na menyu kwa kamera ilimfaa sana. Kwa biashara ilimtoa jasho.

Siku ya kwanza sokoni aliandika: "Bei ya jumla ni shilingi ngapi?" Muuzaji akasoma, akachukua kikokotoo, akaanza kujumlisha. Akamwonyesha namba kubwa. Shangazi akashtuka, akaandika tena vilevile, maana ndivyo tunavyosema. Muuzaji akajumlisha tena, uso umemkunjamana.

Nilipoelezwa nikajua palipovunjika. Jumla kwetu ni hesabu yote ikiwekwa pamoja, na jumla ni biashara ya kununua vingi ukapunguziwa. Tafsiri za namna hii mara nyingi hupitia Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo mawili. Neno likachukua njia isiyo yake. Muuzaji alikuwa anaulizwa jumla ya vitu vyote, naye akajibu alichoulizwa.

Shangazi alipata dawa kabla yangu. Aliacha kuandika kama anavyosema Kariakoo, akaandika kama anayemweleza mtoto: "Nikinunua jora moja, bei gani? Nikinunua majora kumi, jora moja bei gani?" Sentensi fupi, neno lenye maana moja. Baada ya hapo wakaelewana vizuri, mpaka muuzaji akamletea kiti.

Napenda kulikumbuka hilo kwa sababu tunapoambiwa programu fulani inajua Kiswahili, tunasahau kuuliza Kiswahili cha nani. Cha sokoni kina miaka yake mingi, na hakijaandikwa sana mahali ambapo mashine inaweza kukisoma.

"Mama nimefungua"

Nirudi getini.

Namba zilipokubali na shangazi akakata simu, nilibaki na kitochi cha mzee mkononi, jumbe tisa hazijasomwa. Nia yangu ilikuwa kutoa laini na kumrudishia mzee simu yake. Lakini zilikuwa zinaonekana hapo hapo kwenye kioo, na macho yakasoma.

Mbili zilikuwa za mtandao, za matangazo. Moja ya kikoba, kumkumbusha hisa. Moja ya fundi: mchanga umefika lori moja, bado kokoto. Tano zilizobaki zilitoka namba moja.

"Shikamoo mama nimefungua."

"Mama nimefunga leo 3 za dirisha."

"Shikamoo mama nimefungua."

"Mama nimefunga leo hakuna."

Na ya tano, ya usiku uliopita: "Mama umefika salama? Naona kimya."

Ni msichana anayemuuzia duka. Simu yake ni kitochi kama cha mzee. Ripoti yake ni ujumbe mfupi, asubuhi na jioni, na shangazi humjibu kila mara, neno moja tu, "Vema." Hilo nililijua baadaye. Alfajiri ile nilichoelewa ni kwamba kuna mtu alikuwa akiliandikia droo langu tangu Ijumaa.

Wala hizo tano hazikuwa zote. SMS isiyopata mpokeaji mtandao huihifadhi kwa muda, kisha huitupa. Za siku ya kwanza hazikuingia kabisa.

Nilikaa na kitochi nikitafuta la kuandika. Kidole kilitaka kuandika "Nimefika, vema," kama shangazi, ili binti apumue na yaishe. Ilikuwa laini yake, jina lake ndilo lingetokea upande wa pili. Hakuna ambaye angejua.

Mzee alikuwa ananitazama. "Unamwandikia nani saa hizi?"

Nikamweleza.

"Basi sema wewe ni nani," akasema, kama jambo lisilohitaji mjadala.

Nikaandika kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake mama, kwamba mama amefika salama, laini yake ninayo mimi, na namba yangu ni hii. Ilikuwa bado hakujapambazuka. Jibu lilikuja papo hapo, nikajua alikuwa macho.

"Asante kaka. Nilikuwa naogopa kuuliza watu."

Swali ambalo sijalimaliza

Nilimweleza shangazi siku ile ile. Hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilidhani unajua kwamba namjibu." Ningejuaje? Sikuuliza. Nilimuuliza anataka ramani ya wapi, kadi yake ni ya benki gani, anapenda muziki upi wa kwenye ndege. Sikumuuliza ni nani humtafuta asubuhi.

Kwa siku zilizobaki laini ilikaa kwenye kitochi nilichonunua, nami nikawa karani wake. Kila namba ya benki ilipita kwangu. Kila aliyemtumia shangazi pesa, nilijua. Fundi akisema kokoto zimefika, nilimpelekea kwa WhatsApp. Alinikabidhi bila wasiwasi, na imani hiyo ndiyo inayonilemea. Benki kila mara inatuandikia tusimpe mtu yeyote namba hizo. Mimi nilizisoma kwa sauti getini, mlinzi akisikia. Ilimsaidia shangazi kulipia mzigo. Pia ilikuwa kosa ambalo tapeli angelipenda. Yote mawili ni kweli na sijapata namna ya kuyapatanisha.

Rafiki yangu mmoja anasema nimelikuza jambo, maana shangazi alirudi salama na mzigo umefika. Sawa. Lakini mtu akisafiri nasi tukamtayarishia simu, tunaamua kwa niaba yake nani ataweza kumfikia na nani hataweza. Mimi niliamua hilo kwa hereni, katikati ya foleni, nikiwaza salio.

Jumamosi ya mazoezi

Anarudi Guangzhou Oktoba, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Canton. Safari hii amekataa nimshikie simu. Amekaa mezani kwangu, mimi nikielekeza kwa mdomo tu, mikono nimeambiwa niiweke chini. Kadi ameiunganisha mwenyewe, hapa Dar, namba sita zikaingia kwenye simu yake, akaziandika huku akizitamka kimoyomoyo. Romingi ameipigia mtandao wake simu mpaka wakamhakikishia. Data ya laini ya nyumbani ameizima mwenyewe. Namba ya ubalozi wetu Beijing, anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina na namba ya yule kijana wa Xiaobei amezinakili kwenye karatasi, na karatasi ameipiga picha.

Kisha nikamwomba tufanye mazoezi. Jumamosi iliyopita tukashuka kituo cha Msimbazi, nikamwambia azime data, nasi tutafute duka moja la vifaa vya mapazia ambalo sote hatulijui, kwa ramani iliyomo ndani ya simu tu. Kariakoo ya Jumamosi mnaijua. Mikokoteni, mahindi ya kuchoma, mtu anakuvuta mkono uangalie viatu. Shangazi alitangulia na simu mkononi, kidoti cha buluu kikisogea naye, mimi nyuma.

Tulikuwa tumebakiza kona moja simu ikatetemeka. Alama ya data bado imekatwa mstari. Akasimama katikati ya njia, mkokoteni ukampigia kelele, hakusogea.

"Mama nimefunga leo 5 za dirisha 1 ya mlango."

Akaweka mkoba kwapani, akaandika kwa vidole gumba vyote viwili.